Biskuti Mia na Ishirini

Miaka sita nilichora vyoo. Sisemi kwa dharau, choo ni heshima ya nyumba, lakini jamani, miaka sita! Vyoo vya shule, vyoo vya soko, vya matundu manne, vya matundu sita, mpaka nikifumba macho naona mashimo. Ofisi yetu pale Gitega ilikuwa na meza tatu na patroni mmoja, mhandisi mtu mzima mwenye sauti ya upole na kalamu nyekundu isiyo na huruma. Mimi nilikuwa fundi mchundo wake. Nilisomea ujenzi Tanzania, nilikokulia, na wazazi wangu waliporudi Burundi nilirudi nao nikiwa na cheti, begi moja, na mdomo. Kila nilipoomba kazi nyingine patroni alinijibu kwa Kirundi, "Buhoro buhoro, mama." Polepole. Mimi na polepole hatujawahi kuelewana.

Basi msimu mmoja wa mvua ikaja kazi ya Gasorwe, kule Muyinga. Wakulima wa kahawa wa huko walikuwa wameungana wakajenga kituo chao cha kuoshea kahawa, na sasa walikuwa wanaletewa jenereta ya kuendeshea mashine ya kumenya. Si ile ya kubebwa na watu wawili. Tani nne! Ingekaa nje, juu yake bati tu, na chini yake lilihitajika jamvi la zege lenye nondo. Patroni aliisoma ile karatasi, akaniangalia, akaisogeza mezani kwangu.

"Lichore wewe. Uandike jina lako chini."

Nilisimama bila sababu, nikakaa, nikasimama tena.

"Likipasuka," akaongeza bila kuinua macho, "unarudi chooni."

Wenzangu wawili walicheka mpaka mmoja akakohoa. Wacheke. Siku hiyo nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani Yoba, na kila nilipopita pa zege, iwe ngazi ya duka au kifuniko cha mtaro, nilikanyaga kwa heshima.

Wiki hiyohiyo nikaenda Gasorwe na tepu, jembe na kipande cha chuma cha kuchomea ardhi. Pale ndipo nilipokutana na fundi mwashi. Alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka mjini Muyinga, wa ukoo ambao baba, babu na wajomba wote ni mafundi. Kofia yake ilikuwa nyeupe hata katikati ya tope, sijui aliifanyaje. Kiswahili chake kilikuwa cha Burundi kabisa, cha mi na we, na mimi na changu cha Kigoma tulielewana mara moja. Au ndivyo nilivyodhani.

Mahali penyewe palikuwa kwenye mteremko. Upande wa juu walikuwa wamechimba, upande wa chini wamejaza udongo ili pawe sawa. Fundi hakuhitaji chuma changu. Alipiga kisigino upande wa juu, akasema, "Hapa iko ngumu." Akashuka hatua nne, akapiga tena. "Hapa iko uongo."

Nilichoma chuma changu pale penye uongo. Kilizama mpaka nikawa nimeinama.

"Si nilikuambia?" akasema, akanicheka kidogo.

Akina mama waliokuwa wanabeba mawe walisimama kutusikiliza. Mmoja wao alinieleza kilichowapata msimu uliopita. Kahawa mbivu ikichumwa asubuhi haifai kulala haijamenywa, ikilala inachacha, na iliyochacha hainywi mtu mwenye ulimi. Injini yao ya zamani ilikufa katikati ya mavuno. Wakabeba kahawa kichwani, kilima baada ya kilima, mpaka kituo cha watu wengine, na wakifika wanaambiwa tenga hili ndiyo, lile hapana, limwage. "Mwaka huu tukimwaga tena," akasema, "mi nang'oa mikahawa napanda maharage." Hakuwa anatania. Nilirudi Gitega na sauti yake masikioni.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye utamu. Nilianza na hesabu ya uzito, nikiogopa tani nne kama mtu anayeogopa ng'ombe mwenye pembe. Jamvi nililichora mita tano kwa tatu, unene sentimita thelathini. Zege lenyewe peke yake likatoka tani kumi na moja na ushee! Hilo ndilo linalotakiwa: jamvi liwe zito kuliko mashine, ili mashine ikitikisika jamvi liseme tulia. Nikajumlisha vyote, nikagawanya kwa eneo. Kila mita ya mraba tani moja na kidogo. Nikashangaa. Nikahesabu kisigino cha mama mwenye tenga la kahawa kichwani, kile kipande kidogo cha mguu kinachogusa ardhi. Kisigino chake kinaikandamiza ardhi zaidi ya mara ishirini kuliko jamvi langu na jenereta yake! Nilipiga meza nikamwambia patroni, naye akasema, "Eeh, na bado watu wanaogopa mashine hawaogopi mama zao."

Kwa hiyo uzito haukuwa shida. Shida ilikuwa ule uongo wa upande wa chini. Udongo wa kujaza ungekaa chini kidogokidogo, na jamvi lingebaki nusu limeegemea mlima, nusu linaning'inia. Zege ukiliwekea mzigo juu halina neno, ni punda. Lakini ukilipinda, upande unaovutika unakatika kama muhogo mkavu. Hapo ndipo nondo zinapofanya kazi yao, zinashika pale zege lisipoweza. Na kwa kuwa sikujua litapinda kwenda juu au chini, nikaweka nondo tabaka mbili, moja karibu na tumbo la jamvi, nyingine karibu na mgongo, na ukingo wa upande wa mteremko nikaunenepesha. Nilichora nikifuta, nikafuta nikichora. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo juu ya karatasi.

Ila nondo lazima zikae mahali pake. Za chini zikilala kwenye mawe na tope zitaliwa na kutu, ni sawa na hazipo. Ndiyo maana chini yake huwekwa vipande vidogo vya saruji vya kuziinua, na sisi tuliojifunzia kazi Tanzania tunaviita biskuti. Tabaka la juu nalo linakalia vyuma vilivyopindwa kama stuli, tunaviita viti. Mambo ya kawaida kabisa. Biskuti mia na ishirini, nikaandika, nimezidisha kwa woga. Viti ishirini na vinne.

Hapa nieleze kiburi changu. Patroni huandika maelezo ya michoro kwa Kifaransa. Kifaransa changu mimi ni cha kuombea chumvi, na fundi alikuwa ameshaniambia kwamba chake ni cha kusomea namba tu. Nikasema ala, sisi wote si Waswahili? Nikaandika kila kitu kwa Kiswahili, kwa mkono, herufi kubwa. MSIMWAGE ZEGE KABLA YA KUONA NONDO. Halafu: JAMVI LIKAE SIKU KUMI KABLA YA MASHINE. Na chini, orodha ya vitu vya kutafuta hukohuko Gasorwe: mchanga, kokoto, mbao, biskuti 120, viti 24. Saruji na vyuma vilipelekwa na lori kutoka Gitega, kwa karatasi ya patroni. Nikaweka jina langu. Tukakubaliana kwa simu kwamba nitafika Ijumaa.

Jumatano, nikiwa nakula ugali na ndagala hapohapo mezani, simu ikalia mlio wa ujumbe. Fundi. Nikausoma.

"Beto ejo. Biskuti tumekula, Mungu akubariki sana. Viti iko tayari."

Nilicheka. Nikameza tonge. Nikausoma tena, nikaisukuma sahani.

Wamekula biskuti.

Jamani, wamekula biskuti! Mtu ameona kwenye mchoro wa mhandisi neno biskuti akaenda dukani. Sasa chini ya nondo zangu kuna nini? Na viti je, viti gani viko tayari?

Halafu lile neno la kwanza. Beto ni zege, hilo nilikuwa nalijua, ni Kifaransa. Lakini ejo! Kirundi, lugha ya mama yangu ambayo mimi naitembea kwa kuchechemea, ina neno moja kwa jana na kesho. Ejo ni jana, na ejo ni kesho. Mama yangu kule Itaba hajawahi kuona tatizo, anasema kitenzi ndicho kinachokuonyesha kama unarudi au unakwenda. Sawa mama, lakini fundi hakuweka kitenzi! Kama ni kesho, nondo bado ziko wazi, naweza kuwahi. Kama ni jana, basi zimelala kwenye mawe, zimefunikwa na zege, na jamvi langu lenye jina langu litapasuka pale ngumu inapokutana na uongo, jenereta itainama, na yule mama atang'oa mikahawa.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena na tena. Patroni akaja, nikamwonyesha ujumbe, akausoma mpaka mwisho.

"Ejo ipi?" akauliza.

"Ndiyo hiyo sijui!"

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nenda," akasema. Hakusema buhoro buhoro.

Kwenda ni rahisi kusema. Mafuta siku hizo yalikuwa ya kuwindwa, magari yamelala kwenye foleni ya kituo kama mbuzi waliochoka. Mchana mzima nilitafuta, sikupata. Alhamisi asubuhi ndipo nikapata nafasi kwa mtu aliyekuwa anapeleka magodoro Muyinga na pikapu yake. Nikakaa mbele, na kutoka Gitega mpaka Karuzi sala yangu ilikuwa moja: iwe kesho, Mungu wangu, iwe kesho. Mwenye magodoro aliniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia ninaye, ana tani kumi na moja. Hakuniuliza tena.

Muyinga nikapanda pikipiki hadi Gasorwe. Pande zote za njia mikahawa ilikuwa imewiva, nyekundu tii, tawi limeinama kwa wingi. Siku nyingine ningefurahi. Siku hiyo kila tunda jekundu lilikuwa linanihesabia saa.

Nikaingia kituoni. Kitu cha kwanza nilichokiona ni viti. Vya plastiki, vya kanisani, vimepangwa safu nne za viti sita sita, vyote vinatazama upande mmoja. Havikuhitaji kuhesabiwa. Akina mama wamekalia vya nyuma, wanapumzika na kupiga soga. Na pale vinapotazama, kulikuwa na mstatili mkubwa uliofunikwa kwa majani ya migomba, umelowa maji, unapumua mvuke kwenye jua.

Ejo ilikuwa jana.

Fundi akainuka, uso wote kicheko, mikono miwili mbele. "Karibu, karibu enjenyeri! Kiti yako iko pale mbele. Beto iko nzuri sana, ona we mwenyewe!"

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi maishani, lakini siku ile ulivunja rekodi. Sikusalimia. Mzee wa umri wa baba yangu, mbele ya watu wake, sikusalimia!

"Nani kawaambia mmwage?" nilipiga kelele. "Nimeandika msimwage! Biskuti mmekula, viti mmeazima kanisani, nondo zangu zimelala kwenye tope! Bomoeni! Leteni nyundo, hili jamvi linabomolewa leo!"

Hata mama mmoja aliyekuwa anatafuna muwa aliacha. Kicheko cha fundi kilishuka kutoka usoni taratibu, na kofia akairekebisha ingawa haikuwa imepinda.

"We unasema tubomoe," akasema. "Bon. Lakini mtu habomoi nyumba kabla ya kuchungulia ndani." Akachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akanipa. Kwa mikono miwili, nakumbuka, kama unavyompa mkubwa. "Chimba. Upande ya chini, pale kwenye uongo."

Nikachimba. Na suruali yangu ya ofisini, nikachimba. Nikatoa udongo, nikatoa mawe ya ukingoni, nikafika kwenye karatasi ya nailoni iliyotandikwa chini ya jamvi, nikaichana kwa wembe wa kuchongea penseli. Nikalala kifudifudi kwenye tope, shavu limegusa ardhi, nikaingiza mkono na simu, taa inawaka, nikapiga picha nisiyoiona. Nikautoa mkono. Nikaifuta simu. Nikaangalia.

Tumbo la jamvi lilikuwa laini, la kijivu, bila tundu. Sikuona chuma hata kimoja. Nikaona mraba mdogo, ukubwa wa kiberiti, mweupe kidogo kuliko zege linalouzunguka. Nikaingiza mkono tena, mbali zaidi. Mraba mwingine. Na mwingine! Umbali uleule kati yake, kama vifungo vya shati.

"Hii ni nini?" nikauliza nikiwa bado chini.

"Kale."

"Nini?"

"Kale! Ya kuweka chini ya fer, hizi vyuma, fer isilale chini." Alikuwa ananiangalia sasa kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa. "Tulifanya ya saruji na mchanga kwenye ubao, tukakata na mwiko kabla haijakauka. Wallahi, enjenyeri, nani anamwaga beto bila kale?"

"Mmeweka ngapi?"

"Sikuhesabu. Kila pale fer ilikuwa inashusha tumbo, tumeweka."

Nilikaa kitako kwenye tope. Nikakumbuka tabaka la juu. "Na zile za juu? Zimesimama juu ya nini?"

"Juu ya kavaliye." Akachora hewani kwa vidole viwili, akapinda, akashusha, akapinda. Ilikuwa stuli. Ilikuwa kiti changu, mkunjo kwa mkunjo. Halafu akanivuta mkono tukapanda juu ya jamvi. Mahali pa boliti za jenereta alikuwa amesimamisha vipande vya mgomba kabla ya kumwaga, na sasa alikichomoa kimoja kwa kukizungusha, kikatoka chote na maji yake, kikaacha shimo safi. Ndani ya shimo, pembeni, ilipita nondo ya juu. Nikashusha tepu toka uso wa jamvi mpaka kwenye nondo. Sentimita tano. Nilikuwa nimechora tano. Nikapima tena kwa sababu macho yalikuwa yanacheza na machozi. Tano!

Wee! Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kuingia ardhini, vyote kwa pamoja. Hasira hasara, nimeambiwa tangu utotoni, na bado sijajifunza. Nikageuka nikawakabili wale wote waliokuwa kwenye viti vya kanisa.

"Mzee wangu," nikamwambia, kwa sauti ile ile niliyopigia kelele, ili wote wasikie, "nimekukosea mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu haohao."

"Yooo," wakasema akina mama. Fundi akatikisa mkono kama anafukuza inzi. "Imekwisha. We iko kijana, damu iko moto. Lakini mi nataka uniambie kitu kimoja, maana ilinisumbua. Nondo."

"Nondo?"

"Umeandika tusimwage kabla ya kuona nondo. Zege nilibahatisha, kitu ya kumwaga hapa ni beto tu. Nondo nikauliza bibi mmoja alilelewa Tanzania. Akasema ni ile kipepeo ya jioni, inazunguka taa mvua ikikatika. Nikasema ahaa! Enjenyeri anataka mvua ikatike kwanza. Jumatatu jioni mvua ikakatika, tukawasha taa, tukaona nondo nyingi sana. Jumanne tukamwaga." Akanyoosha kidole. "Na umeandika siku kumi. Lori ya grupu, ile jenereta, inakuja Ijumaa ya wiki kesho. Hesabu mwenyewe. Tungekungoja, siku kumi ingetoka wapi? Nilikupigia mara tatu, rezo hakuna."

Nikahesabu. Jumanne mpaka Ijumaa ya pili, siku kumi kamili. Aliyekuwa amekosa hesabu ni mimi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na wao wakacheka kwa sababu mimi nacheka, hawakujua ni nini.

Kicheko kilipotulia nikawa nafungua mdomo niwaeleze. Nilitaka kusema biskuti ni kale, viti ni kavaliye, mlikula vifaa vya ujenzi ndugu zangu. Lakini fundi alinitangulia.

"Mi niko kwenye beto tangu sijaota ndevu," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Enjenyeri wamekuja wengi. Wazungu, Wachina, watu ya Bujumbura. Hakuna hata mmoja aliandika chakula ya wafanyakazi kwenye mchoro. Mi nikaona biskuti mia na ishirini, nikasema huyu amekosea. Nikahesabu watu. Iko thelathini. Kila mtu nne! Nikasema hapana, huyu amehesabu. Na viti, wamama wakae wakichoka. Nikawasomea hawa wote hapa, neno kwa neno."

"Tulipiga vigelegele," akasema yule mama wa maharage.

"Kokoto waliosha mara mbili," fundi akaendelea. "Mi sikuwaambia. Walishuka mpaka mtoni, wakaosha, wakapanda, wakasema bado iko na tope, wakashuka tena. Beto safi hivi sijawahi kumwaga maisha yangu."

Mama wa maharage akafungua ncha ya kitenge chake. Alikuwa amefunga biskuti moja, imevunjika pembe. "Hii niliweka," akasema. "Nilisema mwenyewe akija asikute zimekwisha."

Nikaufunga mdomo. Nikaipokea kwa mikono miwili yenye tope, nikaila pale pale, wote wakiniangalia kama naipenda. Ilikuwa kavu na ilishuka kwa shida. Nikasema ni tamu sana, asanteni.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilirudi Gasorwe na patroni. Lori lilirudi kinyumenyume mpaka upande wa juu wa jamvi, wakapanga magogo ya mikaratusi, wakafunga kamba, na watu arobaini, wanaume kwa wanawake, wakaanza kuivuta jenereta kwa wimbo. Hatua moja, kimya, hatua moja, kimya. Ilipofika katikati, pale ngumu inapokutana na uongo, nilikuwa nimeshika mkono wa fundi bila kujua, na yeye kofia yake ameishika kwa mkono wa pili. Gogo lilipiga kelele. Jamvi halikusema kitu. Ikapita! Ikakaa juu ya boliti zake, ikafungwa, ikatiwa mafuta, na ilipowaka kilima chote kilipiga makofi. Fundi akachukua chupa ya Fanta iliyojaa akaisimamisha juu ya zege, hatua moja kutoka kwenye injini. Fanta ilitetemeka kidogo tu usoni, haikumwagika hata tone. Kwenye mashine ya kumenya kahawa nyekundu ikaanza kuingia na maganda kutoka, na mama wa maharage akasukuma tenga lake mbele ya foleni bila aibu.

Patroni alizunguka jamvi mara mbili, ameinama, mikono mgongoni, akitafuta ufa. Alichukua muda wake wote. Mwisho akainuka.

"Vyoo nitamtafutia mtu mwingine," akasema.

Nilipiga yowe ambalo nafikiri lilisikika Itaba.

Mwaka uliofuata nikachora jamvi lingine, la matangi ya maji, na nikaomba fundi awe yuleyule. Sasa nilikuwa nimeerevuka. Nilikaa naye nikajifunza maneno yake yote, nikaandika mchoro kwa lugha ya kazi ya huku: fer, beto, kale mia na sitini, kavaliye thelathini. Nilijisifu kwamba safari hii hakuna mtu atakayekosea. Nikautuma. Baada ya siku mbili akanipigia.

"Enjenyeri, mchoro nimepata. Kale nimeona, kavaliye nimeona, yote iko sawa." Nikasikia nyuma yake sauti za akina mama na mawe yakimwagwa. "Lakini nimesoma mara mbili, nimegeuza karatasi. Biskuti haiko."

Niliuvuta mchoro wangu, ule safi, usio na kosa, nikauangalia toka juu mpaka kwenye jina langu. Nikachukua kalamu.

"Nilisahau, Mzee," nikamwambia. "Watu wako wangapi?"